Chumvi Iliyoganda Bombani

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Mwanda? Mimi ni mzima, joto la jangwa hili la Uarabuni nimeshalizoea.

Kwenye simu uliniuliza umeme wa jua unatoka wapi jua likishatua, laini ikakatika kabla sijajibu. Jibu ni chumvi, Mama. Si ya mboga. Ni jamaa ya mbolea unayowekea mahindi. Vioo vinaelekeza jua mpaka chumvi inakuwa majimaji ya moto, kisha inatunzwa kwenye tangi kubwa. Usiku joto hilo linachemsha maji, na mvuke unazungusha mitambo.

Ubaya wake, ikipoa inaganda. Juzi waya wa umeme unaopasha bomba moja la chumvi ulikatika, chumvi ikawa jiwe humo ndani. Msimamizi wetu akaamuru bomba lipashwe katikati. Mimi kazi yangu ilikuwa kuosha vioo, pale nilishika ngazi tu. Lakini nikakumbuka ule mkebe wa mafuta ya kupikia ulioweka motoni, yakayeyuka chini huku juu bado magumu, mpaka yakaruka yakakuunguza mkono.

Nikasema, "Bosi, ikiyeyuka katikati itavimba, na pande zote mbili zimeziba. Itatokea wapi?"

Akaniangalia. "Umesomea wapi haya?"

"Sijasoma. Nimeona jikoni kwetu."

Akamwita injinia. Mwishowe tulianza kupasha upande wa tangi, penye uwazi, tukasogea polepole. Ilichukua siku nzima. Bomba halikupasuka.

Sasa wamenihamishia kwenye chumvi, nijifunze. Namchosha injinia kwa maswali: mbona sufuria inashika moto haraka na kupoa haraka, na chungu chako kinachelewa yote mawili? Anacheka, lakini ananichorea.

Ila mafunzo yanaendelea hadi mwaka ujao, kwa hiyo Krismasi sitakuwepo. Mke wangu nimeshamwambia. Akauliza kama hiyo chumvi inaunguza. Nikamwambia ndiyo, lakini tunavaa glavu nzito na kinga ya uso.

Msalimie kaka huko Njukini, akimaliza kuvuna maharagwe anipigie. Shangazi wa Voi mwambie picha alizonitumia nimeziona.

Na siku ya Krismasi, Mama, kama goti litakuruhusu, nenda ukakae na mke wangu.

Mwanao,
Mwadime