Joho Lako la Harusi Kwenye Televisheni

Baba,

Ptuu! Nisamehe kuanza hivi. Najua marehemu huanziwa kwa dua, na dua nimekuombea, lakini nina kinyaa tangu juzi na sina wa kumwambia ila wewe mwenyewe uliyenitia kinyaa hicho.

Tulikusomea hitma hapa hapa nyumbani, Woolwich, huku ugenini. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Mama yumo edani, hatoki chumba cha nyuma. Televisheni tuliifunika kanga tangu siku uliyotutoka, kama ulivyoifunika wewe alipokufa Bibi. Wageni walipoondoka, Nassor, mwanao huyu asiyejua matanga wala harusi, akaifunua atazame mpira. Mara nikasikia ukelele, "Dada, njoo! Baba huyu!"

Nikatoka jikoni na povu la sabuni mikononi. Kweli, wewe. Kumbe ndiyo ile tamthilia yako ya historia! Miaka yote ukituambia, "Niliigiza mambo ya wafalme, mwanangu, mambo mazito." Uzito gani, Baba? Hadithi ya kale ya watu wameigeuza uchafu mtupu. Malkia kifua nje, waziri suruali imemvuka, kila neno la kitandani, na watu usiowaona wanacheka mpaka wanakohoa. Astaghfirullah! Na sultani wao ni wewe, mwalimu wa historia, uliyekuwa ukinigombeza nikikaa vibaya mbele ya wageni. Wamekupaka wanja mpaka kwenye mashavu. Wasichana wawili, nguo zao hazitoshi kufutia meza, wamekukalia mapajani.

Na joho! Joho lako la harusi, Baba, lenye nakshi za dhahabu, tulilokuja nalo kutoka Unguja baada ya Mapinduzi, safari ambayo hatukubeba hata sufuria. Eti nalo limekaliwa na makalio ya Mzungu.

Sasa nimeelewa kwa nini wiki ile, bila shaka walipoionyesha mara ya kwanza, televisheni "iliharibika". Ulichomoa fyuzi ukaitia mfukoni mwa koti, ukatukalisha tucheze karata. Na sisi tukafurahi, wajinga wako, kwamba leo Baba ana nafasi na sisi.

Nassor alikuwa keshatia kaseti ya video, anarekodi. Nikamwambia futa, futa sasa hivi, Mama asijue. Tumebaki na nini kingine cha kwako humu ndani zaidi ya heshima yako? Nikanyoosha mkono nizime.

Ndipo uliposema. Nadhani walikuambia ubwabwaje chochote kwa lugha ya kwenu, wao wacheke. Ukanyanyua mkono, umekunja uso kisultani, ukapaza sauti kwa Kiswahili safi: "Bi Zuhura, mke wangu, usitazame huku! Kazi tu hii. Niwekee chai, nakuja nyumbani."

Wakaangua kicheko, maana hakuna aliyekuelewa. Mimi sikuzima tena.

Nageuka, Mama yuko mlangoni. Sauti yako imemtoa chumbani. Lakini amefumba macho, Baba, ameyafumba kabisa, kama ulivyomwambia. Akasema tu, "Mfunikeni. Kisha mumrudishe aseme tena."

Tukairudisha kanga juu ya kioo, Nassor akarudisha kaseti nyuma. Mama akakaa chini kwenye mkeka, karibu, akakusikiliza. Ulipofika pale pa chai akajibu, "Ipo. Ipo siku zote, mume wangu." Akalia. Tangu ulipofariki hakuwa amelia, na sisi tulikuwa tunaogopa kimya chake kuliko kilio.

Usidhani nimekusamehe. Joho nimelifua kwa mikono yangu, nikalifua tena, na bado nikilitazama mwili unanisisimka. Wale waliokuvisha uchafu ule siwataki hata kuwasikia, na wewe ulikubali kwa ajili ya nini, Baba, kodi ya nyumba? Ungetuambia. Tungekula mkate mkavu.

Ila kaseti sikuifuta.

Kwaheri, Baba yangu. Mungu akupe kauli thabiti huko uliko. Mimi nakuahidi hili: kila Mama atakapokutaka, nitafunika kanga kwanza, nitakuwasha useme unakuja nyumbani, na nitazima kabla wale hawajaanza kucheka.

Mwanao,
Salma