Ufunguo wa Chumba cha Kuoshea

Mji wa Kale, Mombasa
Jumapili, baada ya alasiri

Kwako dada yangu Sheikha,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba joto la Maskati limewapunguzia kidogo. Sisi huku twamshukuru Mola. Mamangu hajambo, ila macho yamezidi kufifia na pumu yamshika kila mvua inyeshapo. Kazi ya kuosha maiti za wanawake hakuiacha. Nikimwambia apumzike, aniuliza nimeajiriwa na nani kumstaafisha.

Kifurushi chako Khubaib alituletea Alhamisi: kafuri, udi, zile chupa mbili za marashi na jora la bafta nyeupe. Kiko juu ya kabati, hatujakitumia. Najua utashangaa, na pengine utaudhika. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaniita jina lolote.

Ndani mlikuwa na karatasi yako. Mamangu aliniambia nimsomee, nami wanijua, mdomo wangu hutangulia akili. Nilishasoma kwa sauti kwamba zawadi hii ni ya mikono iliyomwosha mamako, ndipo nikanyamaza. Mamangu akauliza mikono ya nani, maana yeye hakumwosha mamako, Bi Mejumaa.

Hakumwosha, Sheikha. Ni kweli. Hakuna aliyemwosha.

Nikurudishe mwaka ule wa korona. Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ya usafi, tukipiga dawa ya kuua viini maskuli na maofisi ya Ganjoni. Si bomba lile la shamba unalolijua. Hili lina betri, na huitia dawa umeme inapotoka, ikavutwa na kila kilicho mbele yake na kukizunguka hata upande usiouona. Ukipuliza mguu wa kiti kwa mbele, na nyuma hulowa. Mbodze, aliyenifunza, alinambia kazi hii ni subira: ukishapiga, usiguse wala usifute mpaka dawa imalize kazi yake.

Kamati ya msikiti iliposikia, iliniomba nipige pia chumba cha kuoshea maiti, kila anapotoka mmoja kabla ya kuingia mwengine. Kuosha nyumbani kulikuwa kumekatazwa, kwa hivyo chumba kilikuwa hicho kimoja kwa mtaa mzima. Ufunguo nikakabidhiwa mimi. Nilipiga kitanda cha kuoshea, ndoo, kata, mifereji, hadi kitasa cha mlango. Sikufichi, niliona fahari.

Waoshaji wanawake walikuwa watatu. Mmoja alifariki, wa pili akalazwa, akabaki mamangu na pumu yake. Kila alipotoka kwenda kuosha, mimi sikuondoka mlangoni mpaka arudi.

Mamako alikufa kwa presha, na majibu ya vipimo yalitoka kuwa korona hana, kwa hivyo ruhusa ya kumwosha ilikuwepo. Nduguyo Saif alikuja mbio kuniuliza kama chumba ki tayari, kwani walitakiwa wawe wameshazika kabla ya alasiri. Nilimwambia nimepiga dawa sasa hivi, hakiingiliki mpaka kesho, atakayeingia ataharibika mapafu. Nilikuwa nimevaa ovaroli nyeupe na barakoa, nani angenibishia? Mamangu naye aliamini. Wanawake wa nyumbani wakamtayamamisha kwa mchanga badala ya maji, akasaliwa, akazikwa. Kisha Saif akanisihi nikikupigia simu nikwambie ameoshwa vyema na mamangu, kwa kuwa ndege zimefungwa na wewe u mja mzito huko peke yako. Nikakwambia. Ukalia, ukashukuru. Tangu siku ile kila tukizungumza washukuru tena, nami naitikia.

Usimlaumu Saif. Yeye aujua uongo mmoja tu, huo wa simu. Wa pili ni wangu, na hata mamangu nimemwambia juzi Ijumaa, aliponishika mkono akaniuliza ile kwani ilikuwa dawa gani ya kukaa mpaka kesho.

Ni dakika kumi, Sheikha. Dawa ile hukaa dakika kumi, ukafungua madirisha, ukaingia. Nilimwambia Saif kesho kwa sababu vipimo sikuviamini, niliogopa kumpoteza mamangu, na moyoni nikasema wako ameshakufa, hatadhurika. Alipoondoka nilikaa barazani mbele ya mlango nikitazama saa. Zikapita kumi, zikapita ishirini. Niliingia nikakipapasa kitanda, kimekauka. Maji yalikuwa tele. Nikatoka, nikafunga kwa ufunguo. Jeneza lilipopita pale, nilisimama pamoja na watu.

Nimekwenda kumuuliza sheikh. Asema mamako hana neno mbele ya Mola wake, maana waliomfanyia vile waliamini hawana njia nyengine. Dhambi ni yangu, na haki hii ni ya mja, siwezi kumwomba Mungu anisamehe nikakuruka wewe. Basi nakuomba radhi. Sikwambii uharakishe, wala sikwambii lazima unipe.

Mamangu hanisemeshi ila kwa jambo hili. Ufunguo ameuchukua, chumbani hataki nimsaidie tena. Ameketi hapa kitandani ninapoandika. Herufi hazioni, lakini asikiliza kalamu, na ikisita auliza kama zile dakika nimeshaziandika. Nimemwambia nimeziandika.

Asema kifurushi ni chako mpaka utakapotoa neno, kirudi au kikae. Na asema siku utakayokuja atakwenda nawe kaburini kwa Bi Mejumaa, hata kama itabidi umshike mkono njia nzima. Mimi hakunitaja katika safari hiyo.

Akusalimu sana, nami nakusalimu, shemeji na watoto pia. Mungu akulinde na akupe subira kwa haya niliyokuletea.

Ni mimi Nabiha, niliyekuwa na ufunguo.