Mashabiki Waliosimama Ng'ambo ya Barabara

Nyumba ya kona,
Mkabala na karakana ya baiskeli.
Ijumaa, 14 Juni.

Mpendwa Shemeji,

Pokea salamu zangu. Je, mgongo umekuachia, au bado unainuka kitandani kwa awamu? Na dada, mkeo, sukari yake imetulia? Huku pacha wangu hawajambo. Meno ya mbele yamewatoka siku moja kama waliopatana. Mimi mzima, cherehani tu ndiyo inakohoa.

Ninakuandikia kwa ajili ya mdogo wako, mume wangu.

Unajua anavyoipenda ile timu ya mpira wa kikapu anayoifundisha, ya kiwanda cha uchapaji. Msimu mzima hawakuwa wamefungwa. Jumamosi walicheza na kiwanda cha mishumaa, timu ambayo haikuwa imeshinda hata mchezo mmoja. Walikuja wachezaji saba, mmoja goti kalifunga kitambaa cha jikoni. Mashabiki wetu walicheka wakashika mbavu. Tukafungwa hamsini na moja kwa arobaini na tisa.

Heri wangezomea, Shemeji. Heri hata wangerusha chupa. Walikaa kimya ukumbi mzima, ngoma magotini, mpaka mlinzi akaanza kuzima taa moja moja.

Jumapili saa kumi, saa ile ile mchezo ulipoanza, nikachungulia dirishani. Walikuwa ng'ambo ya barabara, wamejipanga, wamevaa zile fulana za kijani nilizowashonea kwa mikono yangu. Fundi saa, muuza nyama, na yule jirani anayeazima chekeche langu kila wiki. Nikatoka kuwasalimu. Wakaitikia wote kwa adabu, "Salama, mama," ila macho hayakubanduka dirishani petu. Ilipofika saa kumi na moja na nusu, wakaondoka.

Jumatatu wakaja. Jumanne wakaja, na mvua ikanyesha. Hakuna aliyefungua mwavuli.

Mdogo wako akaacha kula. Kiti chake akakihamishia nyuma ya kabati. Jumatano asubuhi ndipo aliponieleza kilichokuwa kikimla. Kumbe kabla ya mchezo aliwaambia vijana wasijichoshe, wale ni wa kufungwa kwa mkono mmoja, na watatu walio bora akawaacha benchi. Walipoanza kuzidiwa, aliona haya kuwainua wale watatu.

Nikamwambia, "Basi nenda ukawaambie hayo hayo. Mficha uchi hazai."

Saa kumi alitoka. Nilisimama mlangoni nikisikia kila neno. "Niliwadharau wale," akasema. "Nikaona tunazama, nikaona haya kurekebisha. Kosa si la vijana."

Kisha fundi saa akajibu taratibu, "Tulijua, kocha. Tulitaka tukusikie." Wakageuka, wakaenda zao.

Siku hiyo alikula sahani mbili. Nikashukuru, nikadhani yamekwisha.

Jana saa kumi nilikuwa nakunja pindo, nikahisi ninatazamwa. Barabara ilikuwa tupu, isipokuwa mdogo wako. Alikuwa amesimama ng'ambo, pale pale waliposimama wao, fulana ya kijani mwilini, anatazama dirisha letu. Nikatoka nikamwita. Akaitika, "Naam, mama," kwa adabu, kama mtu asiyenijua, na macho hayakubanduka. Saa kumi na moja na nusu akaingia ndani, akaniuliza kama chai ipo.

Sijamwambia mtu mwingine. Wewe ndiye uliyemlea baada ya baba yenu, na sauti yako ndiyo pekee asiyobishana nayo. Ukipata ruhusa kazini, njoo.

Nisalimie dada na binti yako mwalimu. Mama mkwe mwambie tu kwamba tunamkumbuka. Haya mengine usimsomee. Mungu akupe njia nyeupe, maana najua utakuja.

Sasa ni saa tisa na nusu. Anaitafuta ile fulana chumba hadi chumba, wala hanung'uniki. Nimeikalia.

Shemeji yako akupendaye,
Mama Pacha