Kiti cha Mlangoni, Mengo

Wifi yangu Zuhura, nakusalimu kwa vidole vyeusi. Hilo doa kwenye kadi ni utomvu wa ndizi.

Jana mvua ilinikuta Mengo, nikakimbilia baraza ya nyumba nisiyoijua. Vilima vilikuwa vimeyeyukia ukunguni, na mvuke wa majani ya migomba ulinukia nikahisi kama naota. Klabu ya kujitolea ilikuwa ikiwapikia wagonjwa wasio na ndugu. Mlangoni palikuwa na kiti kitupu. Mama mmoja akaniwekea kisu mkononi.

"Kaa, nyabo. Mvua iko mingi, na matoke iko mingi."

Nikamenya pamoja na askari, wauza simu na wanafunzi, baraza imejaa. Nikamuuliza mama wamewapataje wote hawa. Akacheka.

"Walikuja kujificha mvua, kama wewe. Sisi tunaacha kiti moja tu."

Wifi, sisi tuliwaita watu mikutanoni, tukawahutubia, wakatukimbia. Najua umechoka kuwapikia wagonjwa peke yako, lakini usiifunge klabu yetu. Nawabusu wewe na watoto. Jumamosi itoe ile mbuzi ya kukunia nazi, iweke barazani na nazi kando yake, halafu usiikalie.

Mwanaidi