Magoti ya Kilomita ya Thelathini na Sita

Kasoli, Bariadi
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Generoza,

Shikamoo. Mguu uliokusumbua wakati wa masika umepoa? Mtwara joto limepungua? Sisi wazima. Baba anashinda kwenye kupima pamba, mama malaria imemwachia. Mimi nimetoka kucha mbili za miguu, basi.

Nilianza kukuandikia kwa Kiingereza cha shule, ikatoka insha. Nimeichana.

Najua video imeshakufikia. Msichana anayekimbia anapiga magoti barabarani kumwamkia bibi kizee, watu wanapiga vigelegele. Ndiyo, ni mimi.

Ilikuwa Jumamosi, Mbio za Pamba, kilomita arobaini na mbili. Walikuja hadi Wakenya. Sisi wasichana wa mkoa, wanane wa kwanza wanachukuliwa kambini Arusha mwaka mzima. Mwalimu Jilala amenifundisha miezi saba kwa ajili ya hiyo nafasi tu. Usicheke, usiongee, fokasi. Basi nikakimbia na uso wa chumba cha mtihani. Kwenye meza moja ya maji kijana akanipigia kelele, "Dada, cheka basi, maji ni ya bure!" Sikumtazama.

Nyuma yangu alikuwepo msichana mwenzangu, Ng'washi wa Ipililo. Huyo kila meza anacheza mabega, anawatania wagawa maji. Nikasema moyoni, huyu hajaja kukimbia.

Kilomita ya thelathini na sita ni hapa hapa kwetu. Kati ya wasichana wa mkoa nilikuwa wa nane. Bibi Kwandu, yule jirani, alikuwa amesimama mbele ya boma lake. Akaniita, "Kabula! Unapita tu hivyo?" Nikasimama. Nikapiga magoti yote mawili kwenye lami, nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayo," nikajibu habari za baba, za mama, mpaka za ng'ombe. Kuinuka, misuli imekaza. Watu wa pembeni wakaninyanyua.

Ng'washi akapita hapo. Hakusimama. Alipunga mkono tu, "Mwangaluka, mayo! Magoti nitakuja kupiga kesho, leo nikikaa siinuki!" Bibi Kwandu akacheka mpaka akashika mti wa uzio. Ng'washi akamaliza wa nane. Mimi wa tisa.

Jumapili kanisani nikatajwa kwa jina. Baba akachinja mbuzi, anasema nimemheshimisha. Ng'washi wanamzomea sokoni kwamba hajui kuamkia wakubwa. Yeye alinitumia ujumbe mmoja tu: "Salamu gani ile, au mlikuwa mnapanga mahari?"

Sasa kamati ya mbio imempigia Mwalimu simu. Wanataka nafasi ya Ng'washi nipewe mimi, kwa ajili ya adabu. Mwalimu anatakiwa awajibu kesho, na atasema ndiyo.

Shangazi, sikusimama kwa adabu. Tangu kilomita ya thelathini nilikuwa natafuta sababu ya kusimama. Nilitamani hata nianguke, ila mtu hawezi kuanguka makusudi huku watu wanatazama. Bibi Kwandu aliponiita nilishukuru. Ningeweza kumwamkia huku nakimbia kama alivyofanya mwenzangu, na angefurahi vilevile. Mwenzangu alicheka njia nzima na hakusimama hata mara moja. Mimi niliyekunja uso ndiye niliyesimama.

Nilidhani nitalia. Hamna. Ni kama ile sindano ya ganzi ya jino, unajigusa shavu halafu unaona si lako. Mbuzi nilimla, sijui alikuwa na chumvi au hana. Watu wananisifu, naangalia midomo yao tu.

Kusema mbele ya mtu siwezi, unanijua. Jana nilikwenda mpaka kwenye mlango wa Mwalimu, nikaishia kumuuliza saa ngapi. Kwa hiyo maneno haya, kuanzia pale kwenye video mpaka hapa, nimeyaandika mara mbili. Karatasi moja ndiyo hii yako. Nyingine nimeipitisha chini ya mlango wa ofisi yake leo jioni, nikaisukuma kwa rula mpaka ikapotea, ili nisiweze kuivuta tena.

Baba bado hajui. Akikupigia simu kwa hasira, naomba umsikilize kwanza, halafu umwambie nilikueleza mwenyewe.

Nisalimie Baba Salu, na Salu mwenyewe, na Stephania kama ameshafunga shule. Mungu awalinde nyote huko mliko.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Kabula