Mbuzi Aliyeambiwa Habari za Pampu

Matisi, Kitale

Mjukuu wangu Wafula,

Sisi tuko salama huku. Goti la nyanya yako limepoa, na amerudia kugombana na kuku wa jirani.

Sasa hiyo pampu yako, bana! Ati umebadilisha ile ya kutoa maji ndani ya mashua ya wageni wa kuvua samaki huko Naivasha, hiyo mpya nayo inanguruma tu bila kutoa maji, na unaniuliza ununue ya aina gani tena? Si ungeangalia kwanza!

Nilipomwoa nyanya yako, niliitwa kwao Kabuchai kutengeneza pampu ya kumwagilia mboga za sukuma wiki kando ya mto. Nikaifungua, nikaifunga, nikabadilisha hiki na kile. Wapi! Mama mkwe alikuwa ng'ambo ya mto akiona kila kitu. Lakini unajua desturi yetu: mama mkwe hamkaribii mume wa bintiye, wala hamsemeshi. Alivumilia mpaka ikamshinda, akamgeukia mbuzi wake kwa sauti ya juu:

"Wewe mbuzi! Mtu anang'oa mashine yote, na mdomo wa mpira wa kuvuta maji umenasa gunia!"

Mbuzi akaendelea kula. Mimi nikavuta mpira kutoka majini. Gunia hilo hapo.

Tangu siku hiyo huwa naanzia pale maji yanapoingilia. Toa pampu yako, uangalie ule wavu wa chini unaochuja maji. Ni magamba ya samaki na nyuzi za ndoana, najua.

Wewe si mkwe wangu, na mbuzi wa hapa hana makosa. Kwa hivyo nakwambia wewe mwenyewe: inama uangalie!

Babu yako