Kidole cha Lamya

Jumamosi, 17 Mei 2025

Siku ya ishirini na nne ya arobaini ya uzazi. Bado nimo chumbani kwangu cha zamani, nyumbani kwa mama, mtaa wa Khuwair ya Kusini. Bader ananyonya kama ananidai. Uji wa pilipili manga tena! Mama hataki hata nichungulie uani — upepo utaniingia.

Lamya kaja jana kutoka Uingereza. Mtoto wa khalati Mahfoudha, ndugu yake mama, kazaliwa hukohuko, mwaka wa tisa huu anacheza basketi ya kulipwa. Nyumba nzima imesimama. Yeye kapikiwa biriani. Mie uji.

Raghad wangu, miaka sita, hataki tena kulala kwangu. Eti nanuka maziwa, Anti Lamya ananukia ndege. Nikacheka. Moyo haukucheka.

Jumatatu, 19 Mei

Lamya katokea kwenye televisheni. Wakaonyesha picha yake anatupa mpira, kidole cha mwisho kimetoka nje kama bibi anayekunywa chai kwa wageni. Mtangazaji akamuuliza kimetoka wapi. Kasema ni mtindo wake tu, tangu utotoni. Kumbe huko wanakiita kidole cha Lamya.

Cha Lamya! Changu mie hicho! Nilikibana kwa mlango wa gari nna miaka kumi na tatu, hakikukunjika tena. Yeye alikuwa na minane, akija kila likizo, namfundisha kwenye ringi aliyoipigilia marehemu baba ukutani kwa gereji. Akaniiga mpaka kidole. Nikimwambia kikunje, wewe chako kizima. Wapi!

Skuli ikesha, nikaolewa, basketi ikesha. Yeye akaendelea.

Mama kasema masha Allah, mtoto katutoa kimasomaso. Nikasema Bader analia. Wala hakuwa akilia.

Jumatano, 21 Mei

Chuchu zimechanika. Raghad kasimama mbele ya kioo, kidole nje. Nani kakufundisha? Anti Lamya, ni chake. Nikamwambia akanawe mikono ale — kwa ukali. Baadaye nikamwita nikamsuka. Hana kosa.

Alkhamisi, 22 Mei

Mechi ya kirafiki, Lamya anacheza. Wote wamekwenda, tumebakia mama na mie. Mume wangu Yaqdhan kanionyesha kwa simu kutoka ukumbini.

Lamya kapewa mitupo ya adhabu kumi. Kafunga mitatu. Nilifurahi! Astaghfirullah, nilifurahi mpaka nikajiogopa.

Kisha nikatazama vizuri. Kidole kimekunjwa.

Ijumaa, 23 Mei

Lamya kaja kakaa miguuni pangu. Kampakata Bader vibaya, nikamwekea shingo sawa.

Kanieleza kwa sauti ndogo. Kocha mpya kambadilisha yote — miguu, kiwiko, vidole — atupe kama wenziwe. Tangu Januari hafungi. Mkataba unakwisha mwezi ujao. Jumanne atatupa mbele ya wakubwa wa timu. Akikosa, ndo basi. Hajui katika yote hayo kipi kimemharibu.

"Dada Khole, wewe ndo ulonianzisha. Nakosea wapi?"

Hapa chumbani mie ndo nilomuanzisha! Kwenye televisheni sikuwapo.

Nikamwambia sijui. Nna mtoto mchanga, nimechoka, basketi nimeisahau. Kasema haya dada, pumzika. Kambusu Bader kwenye unyayo, katoka.

Uji leo sikuumaliza.

Jumamosi, 24 Mei

Asubuhi, jua halijakaza. Lamya anaondoka leo, sanduku lipo mlangoni. Yeye yupo uani kwenye ringi ya baba. Naandika huku namnyonyesha Bader, nawaona kupitia kioo cha dirisha.

Raghad anahesabu kwa kelele mitupo inayokosa. Kumi na moja, hola! Kumi na mbili, hola! Lamya kamwambia, habibti, hesabu kimoyomoyo.

Miguu yake sawa. Kiwiko sawa. Nilijua tangu Alkhamisi.

Raghad kaunyakua mpira, katupa yeye, kidole nje. Haukufika hata ukutani. Lamya kacheka, kainama kufunga kamba ya kiatu. Hakuona.

Mama kapita na kibakuli. Kasema dirisha hilo usiliguse, Khole, siku tisa tu zimebaki.

Kumi na tatu. Hola. Lamya kakaa chini juu ya saruji, kajifuta uso kwa fulana. Muda mrefu hakuutoa uso humo.

Bader kaachia ziwa, kalala.

Lamya kanyanyua kichwa. Kaniona. Hakupunga mkono, ananitazama tu.

Dirisha hili gumu tangu baba yu hai, kulifungua kunataka mikono miwili. Ngoja nimlaze mtoto —